Pauni Iliyovunjika Mguu

"Mchi umeoshwa," alisema Sajenti Owiti, akautua mezani kwa kishindo. "Maiti iko kwenye mafunjo, na mchi wa jikoni umesuguliwa mpaka unang'aa. Nani huosha mchi hivi, Afande?"

"Mtu msafi," Nabalayo alijibu kutoka kwenye benchi. "Kwani kwenu mnapondea njugu juu ya uchafu?"

Inspekta Enos Wakhisi alijizuia asicheke. Haikuwa siku ya kucheka. Ilikuwa Jumanne ya Novemba, mwaka wa 1967, na kesho yake asubuhi mwanamke huyu alikuwa apelekwe kortini kwa kosa la kuua mtu. Kosa hilo halikuwa na faini wala kifungo cha miezi. Lilikuwa na kitanzi.

Jana yake, wavuvi wa samaki aina ya ngege walikuwa wamemkuta Mzee Ogola akielea kifudifudi ziwani, chini ya nyumba yake ya kukodisha, ng'ambo ya Kisian, nje ya mji wa Kisumu. Kwanza watu walisema ni kiboko. Daktari akamgeuza, akaonyesha kisogo. Kiboko hampigi mtu mara moja, nyuma ya kichwa, kwa kitu cha mviringo, kisha akaenda zake. Lakini daktari huyo huyo alipoulizwa Mzee alikufa lini, aliinua mabega. Amekaa majini, alisema. Inaweza kuwa Jumamosi usiku, inaweza kuwa Jumapili mchana. Maji ya ziwa hayaniambii.

Na kesi nzima ilisimama hapo. Jumamosi usiku katika nyumba ile walilala watu wawili tu, Mzee Ogola na mpishi wake, Nabalayo. Jumapili mpishi aliondoka kabla ya jua kutoka, akaimba kanisani Kondele mbele ya macho ya watu wengi, akala huko, akarudi giza limeshaingia. Kama Mzee aliuawa Jumamosi, Nabalayo alikuwa amekwisha. Kama aliuawa Jumapili, hakuwa na kesi.

"Mama, rudia ile habari ya asubuhi," Wakhisi alisema.

Nabalayo alimtazama, akaanza kwa Kibukusu. Wakhisi akainua kidole.

"Kiswahili. Sajenti naye asikie."

Mwanamke alimeza mate. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mnene wa mikono, na leso yake ya kichwani ilikuwa imelala upande tangu walipomshika.

"Nilimwacha hai Jumapili, Bwana Inspekta. Alikuwa amechuchumaa pale kwenye jiwe la kufulia, anapanga betri za redio zingoje jua. Akaniambia, Nabalayo, ukifika kanisani niombee jua, wiki nzima nimekaa kama kiziwi. Mimi nikaenda. Niliporudi usiku mlango umefungwa, nikajua amepanda kwa Mama Dorca, mkewe. Nikalala. Asubuhi ndio kelele za wavuvi."

"Na funguo za nyumba ndani ya kapu lako?" Owiti aliuliza.

"Wageni walikuwa waje Jumatatu, Sajenti. Ulitaka wapitie dirishani?"

Owiti aliandamana na mkubwa wake mpaka barazani. Alikuwa kijana mwenye akili, asiye na subira.

"Afande, betri haziapi kortini. Na Mama Dorca mwenyewe anasema huyu mpishi na Mzee waligombana wiki iliyopita. Zadock naye, yule wakala wa nyumba, ameandikisha kwamba alipita pale Jumamosi kabla ya mvua, akamwacha Mzee mzima na mpishi jikoni. Jumapili hakuna shahidi aliyemwona Mzee. Hakuna hata mmoja."

"Jumapili Zadock alikuwa wapi?"

"Kwake mjini. Homa."

Mkubwa wa kituo alikuwa ameshamwita Wakhisi asubuhi hiyo na kumwambia bila kupindisha: mjini watu wanasema Inspekta anamtafutia dada yake mlango wa nyuma. Leteni ushahidi mwingine kabla ya jioni, au kesho mwanamke aende kortini. Wakhisi hakuwa na undugu wowote na Nabalayo zaidi ya lugha. Lakini lugha ilitosha. Akiuacha ushahidi dhaifu umpeleke mtu kwenye kitanzi, ni dhambi. Akiupinga, ni ukabila.

"Lete gari," alisema. "Tuanze na Mzungu."

*

Mzungu aliitwa Hartley, mwalimu mstaafu, mrefu, na pua yake ilikuwa imeshaiva kwa jua. Ndiye mgeni aliyekuwa ahamie nyumba ya Mzee Ogola Jumatatu ile ile maiti ilipopatikana. Sasa alikuwa amekwama hotelini na mkewe, darubini ya kutazamia ndege ikiwa mezani kando ya chai.

Owiti alikuwa na wazo lake njiani. Mzungu amegombana na Mzee juu ya kodi, alisema. Wakhisi alimjibu kwamba kwanza ni lazima Mzungu awe amefika.

Na kweli hakuwa amefika. Hartley alitoa vipande vya tikiti kabla hajaombwa. Alipanda ndege London Jumamosi jioni, akashuka Nairobi Jumapili asubuhi, akapanda treni jioni hiyo, akashuka Kisumu Jumatatu kumekucha. Mkono wake haungeweza kurefuka kutoka kwenye behewa mpaka Kisian.

"Kodi mlipatana vipi?" Wakhisi aliuliza. Kiingereza chake kilikuwa cha kazi, hakina mapambo.

"Pauni mia na ishirini, miezi miwili. Bwana Zadock alinipa bei hiyo tangu Julai. Nusu ya watu wanaokuja ufukwe huu wamepewa bei na yeye, na zote ni za pauni."

"Na Mzee Ogola aliahidiwa nini?"

"Sijui. Mimi sikuwahi kuongea na Mzee."

Wakhisi alijua, maana Mama Dorca alishasema. Mzee aliahidiwa shilingi elfu mbili na mia nne. Mpaka wiki iliyopita hizo mbili zilikuwa kitu kimoja. Pauni ya Mwingereza ilikuwa shilingi ishirini, tangu Wakhisi akiwa kijana wa kuchunga ng'ombe, na hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba inaweza kuwa vingine. Ukisema pauni moja sokoni Kondele, mama wa samaki anakurudishia chenji ya ishirini.

"Basi sasa niambie jambo ambalo magazeti yanalizungusha," alisema. "Pauni imeshuka. Wewe imekuuma wapi?"

Hartley alicheka, lakini si kwa furaha.

"Hapa," alisema, akagonga mfuko wa shati. "Nyumba ni ile ile, kitanda ni kile kile. Lakini pauni yangu sasa inanunua shilingi kumi na saba na senti kidogo. Mwenye nyumba akidai shilingi zake zote elfu mbili na mia nne, mimi itanitoka pauni mia na arobaini. Ishirini zaidi kwa kulala tu kwenye ufukwe ule ule! Nikilipa zile mia na ishirini nilizoambiwa, mwenye nyumba anapungukiwa na shilingi zaidi ya mia tatu. Mmoja wetu lazima aumie. Na mimi nilipoondoka nyumbani nilikuwa sijaumia. Nilipanda ndege na pauni nzima, nikashuka nayo imekatwa. Tulikuwa hewani serikali yetu ilipotangaza. Hata rubani hakujua."

"Jumamosi, hapa Kenya, ungemkuta mtu anayejua?"

"Inspekta, ilitangazwa kwetu Jumamosi usiku. Kwenu ilikuwa imeshaingia Jumapili, watu wamelala. Angekuwako mtu aliyejua Jumamosi mchana, leo angekuwa tajiri."

Mkewe akaweka kikombe chini.

"Mwambie habari ya stesheni," alisema.

"Ah. Ndiyo. Bwana Zadock alitupokea stesheni jana asubuhi. Nikamuuliza hilo hilo, tutalipa kwa bei gani. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, ni pauni mia na ishirini kama tulivyopatana. Mwenye nyumba hatasumbua."

Wakhisi aliiacha kalamu yake.

"Alisema hatasumbua, au alisema amekubali?"

Mzungu alifikiri.

"Hatasumbua," alisema.

Garini, Owiti alianza kubisha walipopita njia panda ya Kondele.

"Hilo neno si ushahidi, Afande. Wakala yeyote humwambia mgeni hivyo."

"Si ushahidi," Wakhisi alikubali. "Ni harufu tu."

*

Nyumba ya Mzee Ogola ilikuwa imepakwa chokaa upya. Vyandarua vilikuwa vimefungwa mafundo juu ya vitanda, taulo zimekunjwa, na chumbani mlinuka rangi na samaki wa kukaanga wa juzi. Mzee alikuwa baharia wa meli za ziwani kwa miaka mingi, na alipostaafu hakununua ng'ombe kama wenzake. Alijenga nyumba ya Wazungu. Majirani walimcheka. Mwaka uliofuata wakaja mmoja mmoja kumuuliza mlango unatakiwa uwe na upana gani. Sasa nyumba za namna hiyo zilikuwa saba kwenye ufukwe ule, zote chini ya Zadock, na wenye nyumba wote walifuata alipokanyaga Mzee Ogola.

Redio ilikuwa dirishani. Wakhisi alizungusha kitufe chake. Kwanza kimya, halafu ikakohoa, na sauti ya mtangazaji ikatoka, nyembamba, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Akaizima haraka, akafungua mgongo wake. Betri zilikuwa za mchanganyiko, mbili nyekundu na mbili za buluu, na karatasi zake zilikuwa zimejikunja upande mmoja.

"Hizi ni za tochi," alisema. "Na zimeanikwa."

Kila nyumba ilijua kazi hiyo. Betri ikichoka unailaza juani tangu asubuhi, ikipata moto inakupa siku moja mbili za kusikiliza kabla haijafa kabisa.

"Labda alizianika Jumamosi," Owiti alisema.

"Jumamosi uliona jua?"

Owiti aliangalia pembeni. Jumamosi ilikuwa na mawingu tangu alfajiri, na mvua iliyofuata iliangusha ua wa kituo na kuwafurikia watu wa Ahero mpaka wakalala juu ya meza. Jumapili ndipo jua lilipotoka, kali, la kukausha matope.

"Basi zilikuwa zima tangu mwanzo. Alizipata mahali, akazitia, redio ikasema. Nani atakana? Mpishi peke yake, na mpishi ndiye mshtakiwa."

Wakhisi alitoka nje. Alisimama kwenye jiwe la kufulia, akatazama chini kwenye mafunjo ambako Mzee alipatikana. Mtumbwi wa wageni ulikuwa umefungwa pale. Ulikuwa na kasia moja.

"Kasia huwa moja?" aliuliza.

Owiti alishuka akatazama. Kijana aliinama, akagusa mbao, akapanda tena polepole kuliko alivyoshuka.

"Huwa mawili," alisema. "Hili ni la kulia."

Toka juu ya kilima, nyuma ya migomba, kilio kilipanda. Matanga yalikuwa nyumbani kwa Mzee, mwendo mfupi tu kutoka ufukweni. Wakhisi alivaa kofia, kisha akaivua tena, akaishika mkononi.

*

Watu walikuwa wengi. Wanawake walikaa chini upande wa nyumba ya Mama Dorca, wanaume kwenye viti na magogo chini ya turubai. Walipomwona Inspekta, mazungumzo yalipungua kama taa iliyopunguzwa utambi. Mzee mmoja alimsogezea kiti, kwa adabu, bila kumtazama.

Mama Dorca mwenyewe alikuja. Alikuwa mwembamba, mkavu, koti la marehemu mabegani.

"Umeniletea habari, au umekuja kunihesabia waliokuja?"

"Nimekuja kumlilia Mzee, Mama."

"Yule mpishi wenu amekiri?"

Neno *wenu* lilisikika mpaka mwisho wa turubai. Wakhisi alijibu kwamba bado, akaketi.

Zamu za kusema zilikuwa zimeshaanza. Mahali pale mtu hazikwi kabla waliomfahamu hawajasimama, mmoja mmoja, kueleza walionana naye mara ya mwisho lini na marehemu aliwaambia nini. Ni heshima kwa maiti, na ni mashindano pia. Mwenye neno zuri la mwisho hutembea na neno hilo wiki nzima, na watu humwomba alirudie. Asiyesema, hasa kama alikuwa mtu wa karibu, hutazamwa kwa jicho jingine. Kwa kuwa mabaharia wenzake Mzee walikuwa wamekuja kutoka makabila yote ya ziwa, waliongea Kiswahili.

Baharia mmoja alisimulia Mzee alivyomtapikia nahodha. Watu wakacheka, wakafuta macho. Jirani akasimulia mlango. Kisha sauti zikaita, "Zadock! Zadock aseme!"

Alisimama mtu mfupi wa suti ya kijivu, mwenye tabasamu la watu wa kazi ya mdomo. Alipomwona Wakhisi alitikisa kichwa kwa heshima. Hakuonekana kuogopa. Alionekana mtu anayejua kwamba ana hadithi bora kuliko zote zilizotangulia.

"Ndugu zangu, mimi na Mzee tulikuwa kama kidole na pete," alianza. "Wazungu walimjua kupitia mdomo wangu. Nilimwona mara ya mwisho Jumamosi, kabla ya ile mvua. Polisi wameshaandika. Nikamkuta ameketi na redio yake. Nikamwambia, Mzee, wageni wako wako njiani na pauni zao. Mnajua alinijibuje?"

"Tuambie!" watu waliitikia.

Zadock akabadilisha sauti. Akainua kidevu, akakunja midomo kama mzee asiye na meno ya mbele, na kwa kitambo kidogo Mzee Ogola alikuwa pale pale.

"'Zadock, hiyo pauni imevunjika mguu. Mwambie Mzungu aiache kwao ifungwe bandeji. Mimi niletee shilingi, zile zenye miguu miwili!'"

Turubai nzima ilicheka. Wanaume walipiga mapaja. Wanawake walicheka huku wanalia, maana ilikuwa sauti yake hasa, ulimi wake ule ule. Mama Dorca alifunika uso kwa koti. Wakhisi naye alijikuta anacheka.

Halafu kicheko kikamkauka mdomoni.

Akangoja kelele zipungue. Aliinuka, kofia mkononi, kama mfiwa anayetaka kuongezewa.

"Bwana Zadock, hilo ni neno la kukumbukwa. Hebu tupe tena, sisi tuliochelewa. Alisema imevunjika mguu?"

"Imevunjika mguu!" Zadock alirudia, akitabasamu kwa watu.

"Na ilikuwa Jumamosi."

"Jumamosi, Inspekta. Kabla ya mvua. Nimeshaandikisha."

"Nakumbuka. Sasa mimi sikusoma sana, nisaidie. Mzee alijuaje kwamba pauni imevunjika?"

"Redio si ilimwambia? Nimesema alikuwa na redio yake."

"Ilikuwa inasema?"

"Inasema kabisa. Habari yote ilitoka humo."

Mguno ulitokea upande wa mabaharia. Mmoja wao, mwenye mvi, alikuwa amekunja uso, anahesabu siku kwa vidole juu ya goti. Wakhisi alimwona na akamwacha ahesabu.

"Bwana Zadock," alisema, taratibu, ili hata wanawake walioketi mbali wasikie, "Mzungu wako alipanda ndege Jumamosi jioni na pauni yake ilikuwa na miguu yote miwili. Ilianguka usiku, sisi hapa tumelala. Jumamosi kabla ya mvua, pauni ilikuwa shilingi ishirini, kwako, kwangu, na kwa mama anayeuza samaki sokoni. Mzee angekataa pauni kwa sababu gani?"

Tabasamu la Zadock lilibaki mahali pake, lakini halikuwa tena na mwenyewe.

"Mzee alikuwa hazipendi tangu zamani."

"Umesema redio ndiyo iliyomwambia."

"Labda nimechanganya... Watu wanaongea habari hiyo kila mahali, Inspekta. Tangu Jumapili. Mtu anaweza kuchanganya."

"Umechanganya siku, au umechanganya maneno? Maana maneno ni ya Mzee. Kila mtu hapa amemsikia. Huwezi kuyatunga yale."

Ndipo Mama Dorca alipoondoa koti usoni.

"Redio?" aliuliza. "Jumamosi?"

"Mama, tulia, mimi na Inspekta..."

"Zadock, nyamaza." Alisimama, na wanawake wakamfanyia nafasi. "Jumamosi redio ya Mzee ilikuwa imekufa. Imekufa wiki nzima. Alipanda hapa jioni, amelowa kama kuku, akaniomba betri. Nikamwambia sina pesa ya kununulia makelele. Akalalamika. Nikatoa zile za tochi yangu, nne, zilizokwisha, hata njia ya choo hazioneshi. Nikamwambia kaanike, Mungu akikupa jua kesho utasikia habari zako."

"Rangi gani, Mama?" Wakhisi aliuliza.

"Mbili nyekundu, mbili za buluu. Kwa nini?"

Sajenti Owiti, aliyekuwa nyuma ya turubai, alivuta pumzi. Wakhisi hakugeuka.

"Kwa sababu Mungu alimpa jua," alisema. "Jumapili. Mzee alizianika asubuhi, kama mpishi wake alivyosema tangu tulipomshika. Zikapata moto. Akasikia habari mchana. Ndipo wewe, Zadock, ukaja na homa yako. Ulikuwa na nyumba saba, zote umewakodishia Wazungu kwa pauni na kuwaahidi wenye nyumba shilingi, na ulitaka Mzee akubali pauni kabla hajasikia. Wengine sita wangemfuata. Ukachelewa. Redio ilikutangulia. Akakuambia hilo neno la mguu, na angewaambia wote, na upungufu wa nyumba saba ungekuwa juu yako. Mlishuka mpaka mtumbwini mnabishana."

"Hukuwepo! Wewe hukuwepo!"

"Sikuwepo. Kasia la kushoto liko wapi?"

Zadock alitazama upande wa njia. Gari lake lilikuwa pale, chini ya migomba, limeoshwa. Alipiga hatua moja. Hakuna aliyeinuka kumzuia, na hakuna aliyevuta mguu kumpisha. Wanaume walikaa kwenye magogo yao wakimtazama, magoti yamejaa kila upenyo, na yule baharia mwenye mvi alikuwa bado ameinua kidole cha Jumapili.

"Alinicheka," Zadock alisema kwa sauti ndogo. Hakumwambia Inspekta. Aliwaambia wao, kana kwamba zamu yake ya kusema ilikuwa haijaisha. "Nilimwomba kwa magoti. Akanicheka na hilo neno lake, akanigeuzia mgongo."

Ni Owiti aliyemfikia kwanza. Alimshika bega, bila fujo, akaongea naye kwa Kijaluo maneno machache, na Zadock akainamisha kichwa kama mtoto. Alipompitisha mbele ya Wakhisi, Sajenti alisimama kidogo.

"Afande," alisema. "Ule mchi nitaurudisha mwenyewe."

Kilio hakikuanza tena mara moja. Watu walikuwa wamekaa na lile neno zuri, na sasa hawakujua walifanye nini. Wakhisi alivaa kofia. Alitaka kufika kituoni kabla Mkubwa hajaondoka, kabla karatasi za kesho hazijatiwa sahihi.

Mama Dorca alimfuata mpaka mwisho wa ua. Nyuma yake sufuria kubwa ya uji ilikuwa imeungua, harufu imejaa hewani, na wasichana wawili walikuwa wanagombania mwiko.

"Nilimwambia sina pesa ya makelele," alisema. "Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Na mimi nitasimama niseme hayo?"

Wakhisi aliivua kofia tena.

Mjane alilivuta koti, akatazama barabara ya kwenda mjini.

"Huyo Nabalayo," alisema. "Mkimfungulia, asiende kwake. Mlete hapa na gari yenu, kila mtu amwone anashuka. Mwambie nimesema aje ashike jiko. Hawa wataniulia wageni."